Majani Yasiyoliwa na Wadudu

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Sisi hapa Mungu bado anatusitiri. Paka amezaa juu ya kabati, na paa linavuja palepale.

Umeniuliza kama mwanetu anaweza kupata kazi hapa makumbusho, kwenye chumba chetu cha mimea iliyokaushwa. Kazi yenyewe ni safi: unashonea jani kwenye karatasi ngumu, na lililobanduka unalirudishia kwa gundi. Karatasi za zamani zinagandana, kwa hiyo sote hulowesha kidole kwa ulimi ndipo tuzifunue. Mwenzangu, tuliyemwita Babu Gundi, alikuwa akinitania, "Dada, wadudu wa humu wana adabu kuliko watu. Hawagusi kitu." Nami nikawa namshukuru Mungu kwa hilo.

Babu Gundi tulimzika mwezi uliopita. Ndipo daktari akatuambia kwamba mimea ile ilipakwa sumu zamani ili isiliwe, na sumu hiyo haijaisha nguvu mpaka leo. Mimi meno yameanza kung'oka yenyewe, na mkono unatetemeka, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko.

Mwambie mwanetu kwamba mama yake mkubwa ni mchoyo, hataki kumwombea kazi. Atanichukia, sawa tu. Nafasi itapatikana karibuni, nayo ni yangu. Hata wakimwita wenyewe, asije.

Niombee, nami nawaombea.

Dada yako