Kwa Kaka Hamadi, Kuhusu Mishale na Miguu Iliyosimama

Kaka Hamadi,

Assalamu alaikum. Mama mzima, anakuombea kila sala, na bado anaanika karafuu kwenye lile jamvi letu lenye mishale minne ya rangi. Rangi imepauka, lakini mishale yaonekana. Leo asubuhi nimelitazama kabla sijaenda kazini, nikajua barua hii siwezi kuiahirisha tena.

Naiandika wazi mtandaoni, hata wasiokujua waisome, kwa sababu nilikukosea mbele ya watu. Kukunong'oneza pembeni kusingetosha. Nataka urudi kucheza na mimi. Lakini kabla sijakuomba hilo, kuna jambo la siku ile ya Chake Chake ambalo tulilijua wewe na mimi tu, na aliyelificha ni mimi.

Acha nianze pale tulipoanzia.

Jina la gemu lile lilikuwa refu na la kigeni, hakuna aliyejishughulisha nalo. Sisi tuliliita Mishale. Ami Saidi aliweka tivii na mashine moja katika chumba cha mbele cha nyumba yake, hapa Mkoani, juu kidogo ya njia ya bandarini. Muziki unalia, mishale inapanda kutoka chini ya kioo, na kila mmoja ukifika kwenye mraba wake juu, unabonyeza kitufe. Ukiwahi umekosa, ukichelewa umekosa. Mishale ya kwanza ilikuwa hiyo tu. Mimi nilikuwa darasa la pili, wewe la sita, na ilishapita miaka minne tangu ile homa ya uti wa mgongo ikuchukulie masikio.

Ulipoomba zamu, chumba kizima kilicheka. "Kiziwi na muziki wapi na wapi?" Wewe hukusikia, lakini ulikuwa umeshajifunza kusoma midomo, na midomo yao ilikuwa wazi kabisa. Ukakaa, ukashika kidude cha vitufe, ukakaza macho. Wimbo ulipokwisha, tivii ikaonyesha alama ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipata pale.

"Huyu anaibia!" mmoja akapiga kelele.

"Anaibia nini?" Ami Saidi akamjibu. "Wewe masikio unayo mawili na umeshindwa. Yeye hana hata moja."

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, na katika siasa hizi za vyama vingi kila kitu kilikuwa na rangi: kofia, khanga, hata milango. Unamkumbuka yule bwana aliyesimama kizingitini akaitazama tivii kwa hasira? "Saidi, kwa nini mshale wa chama kile ndio upandao kwanza?" Ami Saidi akaizima tivii, akaiwasha, akangoja mpaka ulipopanda mshale wa rangi nyingine. "Haya, na wenu umepanda. Nenda kale." Tulicheka mpaka tukalala chini. Mama hakucheka. Alitufungia ndani wiki nzima, na mimi nilichungulia dirishani nikawaona watu wakipita mbio, kisha wengine wakiwafuata. Nadhani ndipo nilipojifunza kuwaogopa watu wakiwa wengi. Sisemi hivyo ili kujitetea. Nasema ili ujue kitu kile kilikuwa kimekaa ndani yangu tangu zamani.

Mishale ya pili ilikuja na zulia. Badala ya kubonyeza kwa vidole ukanyage kwa miguu, mbele, nyuma, kushoto, kulia. La Ami Saidi lilishuka bandarini ndani ya gunia, likafanya kazi siku chache, kisha hewa ya chumvi ikazila nyaya zake. Watu wakarudi kwenye kidude. Wewe ukakataa. Ukachukua rangi iliyobaki ya madirisha ya jirani, ukachukua jamvi la Mama la kuanikia karafuu, ukachora mishale minne mikubwa. Jamvi halina waya, kwa hiyo ukatunga mchezo wako mwenyewe: mimi nikanyage, wewe uitazame miguu yangu, na vidole vyako vifuate. Kwetu ulikuwa mzaha tu.

Mama hakujua. Alfajiri akalitandika, akamwaga karafuu mbichi. Jioni aliposhika konzi na kunusa, nyumba nzima ilisikia.

"Nyie! Karafuu zangu zende kupimwa zanuka rangi? Atazinunua nani, mafundi wa nyumba?"

Tulichambua punje moja moja siku tatu. Wewe ulikuwa ukicheka kimoyomoyo na mabega yakitikisika, nami nikakuashiria unyamaze, nikisahau kwamba hukuwa umetoa sauti.

Halafu ikaja Mishale ya tatu. Hiyo, Kaka, ilikuwa mbaya. Waliotengeneza walitaka kuifanya ngumu, wakaificha mishale. Inapanda nusu ya kioo, inapotea, na mchezaji anatakiwa amalizie kwa sikio. Siku ile ulicheza wimbo mmoja, ukashindwa, ukakiweka kidude chini taratibu kama kitu cha mtu mwingine. Njia nzima ya kurudi nyumbani hukunitazama usoni, na mtu asiyekutazama usoni huwezi kumwambia neno.

Kesho yake nililikunja jamvi, nikalibeba kichwani hadi kwa Ami Saidi, nikalitandika pembeni mwa tivii. Nyimbo zote nilikuwa nazijua kwa sikio. Nilikushika kidevu nikakugeuza.

"Usiitazame tivii," nikakwambia. "Nitazame miguu."

Sijui nieleze vipi tulivyokuwa baada ya pale. Mimi nilikuwa sikio, wewe vidole. Mwanzoni ulichelewa kidogo, kwa sababu jicho lilisubiri mguu utue. Kisha ukaacha kusubiri. Nikiinua kisigino tu, ulishajua. Uliniamini kiasi cha kubonyeza kabla sijakanyaga. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniamini hivyo, na mimi sikuwahi kukuangusha, mpaka Chake Chake.

Ukumbi wa mashindano ulijaa. Nilikuwa kidato cha pili, nimevaa baibui langu jipya, na tulikuwa tumeshawatoa wote wa Wete na wa Chake. Ukabaki wimbo wa mwisho. Tulikuwa katikati yake, mishale imefichika, wewe macho yote kwenye miguu yangu, aliposema mtu nyuma, kwa sauti ya kutosha: "Binti wa nani huyu achezaye mbele za wanaume?"

Vichwa vikageuka. Nikaviona vyote kwa pamoja. Na miguu yangu ikasimama.

Muziki uliendelea. Niliusikia vizuri, nilijua kila pigo lililopita. Wewe ulikuwa umeinama na vidole vimening'inia juu ya vitufe, ukiitazama miguu isiyokwenda popote. Ukumbi ukaanza kucheka, na kicheko hakikunijia mimi, kilikwenda kwako. "Kiziwi kasikia kimya!" Ukanyanyua uso ukaniuliza, kwa ile sauti yako kubwa usiyojua ukubwa wake, "Umechoka?"

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliusema nyumbani. Mama aliuliza kulikoni, nikamjibu, "Kaka alikosea kuhesabu." Ulikuwa umekaa mbele yangu, Hamadi. Ulinisoma midomo. Ukainuka, ukaenda kuchukua udhu. Hukunikanusha siku ile wala siku nyingine. Mwezi haukwisha ukapanda meli, leo wewe ni fundi seremala Tanga, na kila Idi tunapata ujumbe wako: "Nipo salama. Idi njema." Maneno manne, miaka yote hii.

Sasa nikwambie habari zangu. Mimi ni karani wa masjala hapa hapa Mkoani. Kazi hii inanifaa. Naogopa kukosea, na masjala inawataka watu wanaoogopa kukosea. Mkuu wangu ni Bi Zuwena, mama mmoja asiyepitwa na kitu. Juzi aliinua macho kutoka kwenye jalada.

"Asha, meza hiyo yatikisika yenyewe au ndo weye?"

"Ni mimi, Bi Zuwena." Miguu yangu ilikuwa ikikanyaga wimbo chini ya meza.

"Basi tikisa polepole. Chai yamwagika."

Siku yangu ya kwanza alinifundisha jambo ambalo nimelifanya mara nyingi bila kulifikiri. Daftari likikosewa, hatukwangui, wala hatupaki wino mweupe juu yake. Tunapiga mstari mmoja, kosa libaki lasomeka. Tunaandika la kweli juu yake, na aliyekosea anatia sahihi yake. "Karani asiyekubali kosa lake lisomwe," aliniambia, "hawezi kuaminiwa na daftari."

Basi ndivyo nifanyavyo hapa. Nilisema: Kaka alikosea kuhesabu. Napiga mstari. La kweli: miguu yangu ilisimama kwa woga. Hamadi hakukosea hata mshale mmoja.

Nimemwambia Mama kwanza. Alikuwa akigeuza karafuu juani, hakusimamisha mkono. Akasema, "Na yeye umemwambia?" Nikasema bado. "Sasa waniambia mimi kwa nini?"

Kesho ofisini wataisoma barua hii. Watajua karani wao alicheza ukumbini, na pengine atauliza mtu tena ni binti wa nani. Nitamjibu. Mimi ni binti wa Mama yule yule aliyekuzaa wewe. Naogopa, lakini nimeshagundua kwamba woga na miguu si kitu kimoja. Waweza kuogopa na ukakanyaga.

Mishale ya nne sina la kusema juu yake. Ilikuwa na ngoma za plastiki, haikufika Pemba. Niliiona mara moja nikiwa chuoni Unguja, nikapiga kidogo, nikaona ni kelele tu, nikaiacha. Lakini ya tano, Kaka, iko kwenye simu, na hiyo ndiyo iliyonitia nguvu ya kuandika. Kila pigo la muziki, simu inatetemeka kiganjani: pigo dogo mtetemo mdogo, pigo kubwa mtetemo mkubwa. Hata mishale ikifichwa yote, mkono unajua. Nimeijaribu nikiwa nimejaza pamba masikioni, nikaucheza wimbo mzima. Kwa hiyo huhitaji tena mtu wa kukukanyagia. Naliandika hili nikijua maana yake. Sikuiti kwa sababu unanihitaji. Nakuita kwa sababu nataka kucheza na wewe.

Mishale hii inamruhusu mchezaji kutia wimbo wake mwenyewe, na wawili kucheza pamoja, mmoja Pemba mwingine Tanga. Nimetengeneza mmoja. Ni msewe. Niliazima njuga za majani kwa jirani yetu anayecheza ngoma hiyo, nikajifunga miguuni, nikalitandika jamvi uani. Najua msewe ni ngoma ya wanaume, lakini uani kwetu hakuna aliyeuliza. Aliyeshika simu kurekodi ni Mama. "Kanyaga sawasawa," aliniambia. "Leo karafuu zangu hazimo."

Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri nitakuwa ndani ya mchezo nikikungoja. Chumba chetu nimekiita Jamvi. Usipokuja Ijumaa hii, nitakuwepo ijayo.

Ukija, ujue kitu kimoja. Katikati ya wimbo nimeacha kimya cha mapigo manne. Mishale haitaonekana, simu haitatetemeka, utadhani imeharibika. Nimekiacha makusudi, pale pale niliposimama siku ile. Usishushe vidole, Kaka. Hesabu nne, kama ulivyokuwa ukihesabu siku zote bila kukosea. Pigo la tano ni mguu wangu wa kulia, nao nimeshaukanyaga.

Sahihi yangu,

Mdogo wako Asha,
Mkoani