Mtori Ulioishia Mlangoni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Masama tuko salama. Ng'ombe amezaa, na babu yako anakohoa tu kwa baridi.

Umeuliza kwa nini daktari wenu hapo wodini aliogopa kuongeza dawa ya kupandisha presha kwa mgonjwa ambaye utumbo wake umekosa damu. Hilo nililijua mama yako akiwa bado shuleni, babu yako alipolazwa Moshi. Mshipa wa damu wa utumbo uliziba, presha ikashuka hadi sabini. Wakampa maji ya dripu, kisha dawa hiyo, ikapanda hadi mia na kumi.

Wifi yangu akafika na chupa ya mtori, supu yetu ya ndizi.

"Namba si imepanda? Mpe ale! Unamuua kaka yangu kwa njaa."

Nikaziba mlango. "Tumbo bado gumu, wifi. Hapiti mtu."

"Wewe si umeolewa tu hapa!"

"Na aliyenioa ndiye huyo."

Daktari akamwambia, "Mama, dawa hii inabana mishipa ili moyo na ubongo vipate damu. Utumbo nao unabanwa, unazidi kukosa. Ukiulisha sasa, unaumaliza."

Akaipunguza dawa, akaacha kiasi cha kumfikisha tu chumba cha upasuaji. Huko mshipa ukazibuliwa, akapona.

Wifi hadi leo anasimulia misibani kwamba nilimnyima kaka yake chakula, na bado inaniuma. Lakini wewe, namba ikipanda, usifurahi kabla hujaweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa.

Bibi yako anayekuombea