Na Hawa Wadogo, Nao Walikuwa Chawa?

Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Jumatano, alasiri.

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakoma kabla ya saa mbili, na sasa rasi ya Ubwari inaonekana ng'ambo kana kwamba imesuguliwa. Ziwa limetulia. Nami nimetulia, jambo ambalo sikulitarajia wiki hii.

Leo ndiyo siku tuliyokuwa tumepanga kumwaga dawa katika vizimba.

Hatukuimwaga.

Ni mwezi wa tatu tangu ushirika wa wafugaji wa samaki unipokee kwa majaribio, pamoja na diploma yangu ya agronomia ambayo bado inanukia wino. Tuna vizimba vinane vya nyavu vinavyoelea karibu na ufuo, na ndani yake tilapia. Hivi majuzi tilapia hao walianza kujisugua kwenye nyavu na kurukaruka ovyo. Nilipomkamata mmoja, nikaona chawa wa samaki: vidude bapa, vyenye kung'aa kama magamba, vimeng'ang'ania ngozi vikifyonza damu.

Nilifurahi. Nakiri hivyo kwa aibu. Samaki walikuwa wanateseka, nami nilifurahi kwa sababu hatimaye limepatikana tatizo la kiwango changu.

Nikaandika ripoti ya kurasa sita, nikapendekeza dawa ya kuua chawa imwagwe moja kwa moja vizimbani. Katika ukurasa wa nne niliandika kwamba dawa hiyo haina athari kwa viumbe wengine wa ziwa. Sikuwa nimechunguza kiumbe hata kimoja. Niliiandika sentensi hiyo kwa kuwa kila ripoti niliyoisoma chuoni ilikuwa na sentensi ya namna hiyo mahali kama hapo.

Jumatatu nilifanya onyesho mbele ya wanachama. Niliteka ndoo ya maji ya ziwa, nikatia tilapia wawili wenye chawa, nikapima dawa kwa bomba la sindano. Tulipokuwa tukisubiri, niliwahutubia. Niliwaeleza kwamba chawa wa samaki, licha ya jina lake, hana udugu na yule wa kichwani. Ndugu zake ni kaa na kamba. Nilitamka maneno hayo kwa madaha. Chawa wakaanguka, tilapia wakaendelea kuogelea, watu wakapiga makofi.

Mama Nyota, anayeanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, jirani na vizimba vyetu, hakupiga makofi. Aliinama juu ya ndoo.

"Agronome, na hawa bakadogo? Nabo balikuwa chawa?"

Chini ya ndoo walilala kamba wadogo wa ziwani, wembamba kama ukucha uliokatwa, walioingia pamoja na maji nilipoyateka. Hakuna aliyetikisika. Nilimjibu kwa Kifaransa: négligeable. Yaani, kitu kisichostahili kuhesabiwa.

"Kumbe," akasema akijinyoosha, "ndagala zangu zinakulaka négligeable kila siku."

Wanawake wenzake wote wakacheka. Kicheko hicho kilinifuata hadi stoo.

Ndugu zake ni kaa na kamba. Nilikuwa nimeyatamka maneno hayo mwenyewe.

Sumu inayomuua chawa itamwachaje ndugu yake? Na kizimba ni wavu tu. Hakina ukuta wa kuyazuia maji. Dawa ingekwenda popote ambapo upepo ungeyasukuma maji, ikifuata vile viumbe vidogo ambavyo ndagala huvitegemea. Nilichukua ndoo mbili, nikatia kamba kumi katika kila moja, na katika mojawapo nikatia dawa kwa kipimo kile kile cha ripoti yangu. Wanawake walipokuwa wakianua ndagala jioni, kamba wa ndoo yenye dawa walikuwa wamekufa wote. Wa ndoo ya pili walikuwa wakiruka.

Jana asubuhi niliiomba kamati ikutane. Uamuzi wa kunibakiza au kuniondoa ulikuwa mkononi mwa Papa Wilondja, mwenyekiti wetu, mtu asiyependa kugeuzwageuzwa. Niliziweka ndoo zote mbili mezani, nikasema kwamba sentensi ya ukurasa wa nne haikuwa kweli, na kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

"Jana ulisema dawa iko muzuri," akasema Papa Wilondja. "Leo unasema iko mubaya. Tuamini nani, wewe wa jana ao wewe wa leo?"

Mama Nyota, ambaye hakuna aliyemwalika, alijibu akiwa mlangoni na beseni lake kiunoni.

"Wa leo, Papa. Ule wa jana hakuangalia mu ndoo."

Hata Papa Wilondja alicheka. Kisha akauliza swali lililokuwa zito zaidi: je, tuwaache tilapia wafe?

"Mutoto akiwa na chawa tunamunawishaka mu beseni," akasema Mama Nyota. "Hatumwangake dawa mu ziwa yote."

Beseni! Nililiandika neno hilo daftarini kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Basi leo tumechimba shimo nchi kavu, tukalitandika turubai, tukalijaza maji ya chumvi, ambayo huwalegeza chawa. Tilapia wa kizimba cha kwanza wameogeshwa humo kwa zamu, dakika chache kila zamu. Baadhi ya chawa waling'ang'ania, tukawabandua kwa vidole. Kwenye mapipa yanayovielea vizimba tulikuta mayai yao, yamepangwa kwa mistari, tumeyakwangua. Tumening'iniza pia mbao majini ili wakitaga huko tuzitoe na kuzianika juani. Ni kazi ndefu. Lakini mchana wa leo tilapia wa kizimba hicho hawajisugui.

Chupa za dawa ambazo hazijafunguliwa zitarudishwa dukani. Maji yenye dawa yamefunikwa stoo, kwa maana sijui pa kuyamwaga. Nitauliza anayejua.

"Ripoti ingine andika kurasa mbili tu," ameniambia Papa Wilondja akinawa mikono. "Hauna haraka. Utabaki hapa na sisi."

Nilijibu "Asante, Papa" kwa sauti ambayo haikuwa ya msomi.

Wanawake wa ndagala wamenipa jina. "Négligeable, umeamukaje?" ndivyo walivyonisalimu asubuhi. Nimeitika.

Kazi ilipokwisha niliingia majini kunawa miguu. Kamba wadogo walirukaruka kati ya vidole vyangu. Nilijaribu kuwahesabu, nikashindwa.

Kesho ni kizimba cha pili.