Skrini Mbili, Mashine Moja

Malaba, Ijumaa, 1998

Na yule fundi aliyesema nitupe kompyuta yangu kwa sababu ni ya zamani, natamani angekuwepo leo.

Toleo la kwanza nililoweka la Linux, ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta, lilinitesa miezi miwili. Nikiunganisha skrini na kibodi ya pili, zile nilizookota kwenye takataka za ofisi moja, ili watu wawili watumie mashine moja, kila kitu kinaganda. Na mawakala wa forodha wanaokuja dukani kwangu kuchapa fomu hawangoji. Wanne walishahamia kwa jirani mwenye kompyuta tatu mpya. Nikipoteza wengine wawili, nafunga duka.

Asubuhi nilifuta yote nikaweka toleo jipya. Disketi ishirini na sita. Ya kumi na tisa ilikataa mara tatu, mara ya nne ikakubali. Mimi jasho tu.

Saa nane wakala Wafula akaketi kwa skrini ya kwanza. Mwenzake Emojong akakaa kwa ile ya pili, akachungulia chini ya meza.

"Mama, hapa hakuna kompyuta. Nachapa hewani?"

"Chapa tu, boss. Mnatumia moja na Wafula."

"Hapana! Huyu atasoma fomu zangu!"

"Hawezi. Kila mtu ana neno lake la siri."

Walichapa dakika arobaini, wote wawili, na mashine haikuganda hata mara moja. Nilitoka nje nikacheza kidogo nyuma ya choo.

Feni ya kompyuta inanguruma vibaya, hiyo bado inanitia hofu.

Niliporudi ndani walikuwa wamemaliza pamoja, wanagombania printa. Ninayo moja tu. Sijawahi kufurahia ugomvi namna hii.