Glasi ya Maji Kabla ya Kugusa Shingo

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: nataka kufanya kazi yako. Mimi, ambaye nikiitwa ubaoni sauti inapotea, ambaye nasalimia wageni nikitazama viatu vyao. Ningelisema hapa nyumbani wangecheka. Wewe hungecheka. Au ungecheka, lakini taratibu.

Tangu ajali ile ya barabara ya Kambove ikuchukue, chumba chako cha matibabu anakitumia Yaya Trésor, kaka yangu mkubwa, mtoto wa dada yako. Alikusaidia miezi michache kukanda migongo, basi sasa anajiita kiné, kana kwamba naye alisomea kutibu viungo. Analaza mtu kwenye meza yako, anashika kichwa, anakizungusha, ko! "Inaisha. Mwingine!" Foleni inafika barabarani. Mtaa wetu mzima wa Katuba unasema yeye ana mikono, wewe ulikuwa na mdomo. Hata siku ya kilio chako, Mama Véro, yule anayeuza unga sokoni, alisema mbele yangu: "Marehemu alikuwa anauliza sana, sawa polisi. Tulikuya juu ya shingo, hatukuya kutubu!"

Nilitazama viatu vyake. Sasa nasema.

Wao hawakujua ulichonionyesha. Kwamba shingoni mnapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na mmoja ukianza kuchanika, pengine mtu husikia maumivu ya shingo tu. Ukimzungusha shingo mtu wa namna hiyo unaweza kumuua, au kumwacha nusu ya mwili imelala. Ndiyo maana uliuliza. Una kizunguzungu? Unaona vitu viwili? Kichwa kinauma kuliko siku zote? Ulianguka? Una presha? Na kwa kuwa watu wetu hujibu "hapana" kwa kila kitu, wasije wakatumwa hospitali, uliwapa maji. Wote walidhani ni ukarimu. Kumbe ulikuwa unatazama wanavyomeza. Uliwapigia stori za mpira ili wacheke, uone kama mdomo unacheka pande zote mbili, na kama kope zote mbili ziko sawa.

Wiki iliyopita aliingia Mama Véro mwenyewe, ameshika shingo upande wa kushoto. Pikipiki aliyopanda ilifunga breki ghafla, kichwa chake kikaruka mbele. Yaya Trésor alikuwa anafuta mikono. Nikaleta maji. Sikuamua, miguu ilikwenda yenyewe. Mama Véro akanywa, akapaliwa. Akajaribu tena, akapaliwa tena. Nikalazimisha macho yangu yapande mpaka usoni kwake. Kope la kushoto lilikuwa limeshuka.

"Yaya, usimuguse," nikasema.

"Eh! Dokta wa bitabu amefika!" Yaya Trésor akacheka, na foleni ikacheka naye. Mama akaniita jikoni, kwa aibu. Sikwenda. Nilisimama mbele ya meza, Baba, nikataja yote uliyonifundisha, moja baada ya jingine, mpaka Mama Véro mwenyewe akaogopa, akaomba teksi.

Hospitalini walimlaza. Walipiga picha ya shingo, wakasema mshipa umechanika. Sauti yake sasa inakwaruza, lakini anaongea. Unafikiri Katuba imebadilika? Foleni ni ile ile. Yaya Trésor anasema nilibahatisha. Mama amenikataza kukanyaga chumbani mule: "Unatufukuzia bantu. Tutakula nini?" Ninampenda Mama. Katika hili sitamtii.

Nakuacha, Baba. Huko uliko hakuna anayekuharakisha. Kazi yako nitaisomea, nakuahidi, na mpaka nihitimu, hakuna shingo itakayozungushwa nyumbani mwako kabla mwenyewe hajaulizwa.

Na jambo moja kabla sijafunga barua: leo nilitoka shule, sikuvua hata sare. Nilichukua mashine yako ya kupima presha, nikasimama mlangoni mwa chumba. Yaya Trésor akanitazama, akamtazama Mama. Hakuna aliyenisogeza. Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa kuchomelea, kichwa kimelala begani.

"Maulizo tena?" akasema. "Na nikikatala kujibu?"

"Basi rudia na shingo yako kwenu, Papa."

Akaguna. Kisha akakunja mkono wa shati.