Soksi za Jumapili

Kirkcaldy,
Machi 3

Mpendwa Dada Marsaili,

Pokea salamu zangu, tena uzisome umeketi, maana hiyo nyonga mpya haijazoea kusimama. Inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila magoti yananitangazia mvua kabla ya redio.

Tangu nisikie daktari amesema kufikia Mei utatembea, ramani zetu za matembezi ya kila Mei hazijatoka mezani. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Unakumbuka kule Jura ulivyoapa kwamba njia ni ile, tukamfuata kondoo saa mbili nzima mpaka zizini kwake? Na Mull, visubi walivyotutafuna hata ukajitanda pazia la dirisha kichwani, kasisi akakupa pole akidhani umefiwa? Lakini Harris, kisiwa ulichokipenda kuliko vyote, hatujarudi miaka kumi na mmoja. Kila nikikitaja unasema huna uso wa kumtazama Bi Peigi MacAskill, mwenye nyumba tuliyofikia, tangu soksi zako zikutwe kwenye kamba ya kuanikia siku ya Jumapili. Jumapili, Harris! Kule kufua siku ya Bwana ni dhambi, hata jogoo huwika kwa kunong'ona.

Dada, vuta pumzi. Soksi zile nilianika mimi.

Jumamosi nilizivaa bila ruhusa yako, zangu zikiwa zimelowa, nikatumbukia kwenye kinamasi. Kesho yake nikasingizia kichwa, mkaenda kanisani, nami nikazifua nizirudishe kabla hamjaja. Usingizi ukanipitia. Mezani Bi Peigi alipouliza ni za nani, wewe ukajibu kwa upole kwamba ni zako, labda ulizisahau jana yake. Mimi nilikuwa na kiazi mdomoni. Nilikitafuna kiazi kile mpaka vyombo vikaondolewa.

Kila Mei aibu imenikaba. Basi mwezi uliopita nikamwandikia Bi Peigi, nikakiri yote na kuomba vyumba vya Mei hii. Jibu lake hili hapa:

"Nilijua. Tulipotoka kwenda kanisani kamba ilikuwa tupu, na dada yako aliketi ubavuni kwangu asubuhi nzima. Pale mezani nilikuwa nakuuliza wewe. Marsaili nimemwekea chumba cha upande wa bahari. Wewe utalala kando ya banda la kuku, na Jumapili utakuja kanisani, ibada zote mbili."

Zote ni za Kigaeli, dada, nami sijui hata neno moja. Nitakaa.

Nisamehe. Nisipostahili, njoo vilevile, maana bila wewe sitaki kutembea popote. Utanigombeza njia nzima na sitajibu. Nimekufumia soksi mpya. Moja imezidi mwenzake kidogo, lakini hizi sitazigusa.

Msalimie shemeji Fearchar, na barua hii umfiche, atacheka mpaka Krismasi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo ndiyo kwanza amekimeza kiazi,
Una