Swali Lililosomwa Gwarideni

Jumatatu, 4 Machi 2019
Nabwire tena! Saa moja asubuhi yuko langoni pa kota yetu ya askari na jerikeni zake za sabuni ya maji, anaita mpaka askari waliotoka lindo wanaamka. Mkenya huyu anajua kunichukiza. Leo kashika sufuria yangu mbele ya wenzangu: "Mama Odur, mafuta haya ni ya Krismasi gani?" Wote wakacheka. Nikanunua. Sufuria imetakata, ndiyo. Bado simpendi.

Jumanne, 5 Machi
Picha imeingia kwenye simu yangu kutoka kundi la kanisani. Mikono ya mtoto, ngozi imebanduka — Mungu wangu! Chini wameandika eti ni sabuni ya maji ya Wakenya wa Kawempe, hapahapa Kampala. Jina la mtoto hakuna, hospitali hakuna. Niliona hayo, niliyaona vizuri kabisa. Lakini nilikumbuka kile kicheko, nikasikia utamu moyoni. Nikaiforwadi kwenye kundi la kina mama wa kota, nikaongeza: "Jamani, hii ya akina Nabwire ni kweli?" Swali tu. Nani atanilaumu kwa swali?

Jumatano, 6 Machi
Wajinga! Wajinga watupu!
Mimi ni katibu wa kundi hilo la kina mama, na kota hii imezoea: katibu akiandika, Koplo Odoch ananakili kitabuni na kusoma kwenye gwaride la asubuhi. Maji yatakatika, chanjo ya watoto, zamu ya kufagia. Leo kasoma habari ya sabuni. Swali kaliacha — gwarideni hakuna maswali. Afande, mkuu wa kota, akasema sawa, na sasa ni amri: sabuni ya Nabwire isipite langoni.
Nimemfuata Odoch. Nimemwambia niliuliza tu. "Mama, mimi nasoma ile iko," akasema. "Kuuliza hapana kazi ya mimi." Nusura nimzabe kofi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya Wanawake! Na wanawake wa kota, ndani ya vitenge vipya, wamemzunguka mwanamke mwenzao langoni na kumwaga jerikeni zake zote nne. Mmoja akamsukuma. Akateleza kwenye povu, kiwiko kikapasuka. "Nani ameona huyo mtoto?" akapiga kelele. "Nileteeni huyo mtoto!" Wakamjibu: "Afande nasema!"
Nilikuwa nyuma yao. Sikumwaga. Sikuzuia pia. Mwoga mkubwa mimi.
Mchana nikampelekea Faruk, fundi wa simu, ile picha. Akaitafuta mtandaoni dakika mbili. Dakika mbili! Ni ya miaka sita iliyopita, nchi nyingine, mtoto aliangukia uji wa moto. "Sasa nnyabo, mama yangu," akasema, "ulituma kwanza ndio unauliza?" Nikamchukia na yeye.
Obwona, mume wangu, ambaye ni sajini hapa, anasema nisiguse jambo hili. Mke wa sajini akimwonyesha Afande kuwa alidanganywa, sajini atajikuta amehamishiwa porini Karamoja. Kisha akaomba chakula!

Jumamosi, 9 Machi
Mwenye nyumba kamwambia Nabwire ahame kesho, hataki sumu kwenye ua wake. Tangu asubuhi anapita kota mlango kwa mlango, kiwiko kimefungwa kitambaa, anauliza nani alianza. Kwangu bado hajafika.
Basi nimeandika kwenye kundi, kwa jina langu: picha ni ya uongo, mtoto aliungua na uji, niliituma mimi bila kuchunguza, Nabwire hana kosa. Watu sitini na mmoja wamesoma. Jibu moja tu: "Umehongwa chupa ngapi za sabuni?" Washenzi!
Halafu simu ikalia tena — dada yangu Lamwaka, kutoka Gulu. Ananitumia picha ileile! Ila watoto sasa ni watatu, na wawili wamekufa. Nikampigia: uongo, Lamwaka, futa! Ni mimi niliyeieneza huku! Akanicheka. Eti habari hii imetoka kwa askari wenyewe wa Kampala, ilisomwa hadi gwarideni, mimi ni nani wa kubishana na askari? Ameshaituma kwa walimu wote wa shule yake.
Hodi mlangoni. Sauti ya Nabwire, imekauka. Anasema amefukuzwa kila mlango, nimebaki mimi tu — na mimi si ndiye katibu? Nimsaidie kumtafuta huyo mtu aliyeanza.